Taa za mapambo kwenye betri ya pikipiki

Taa ndogo za mapambo zinazotumia betri tatu za rimoti zimeenea kila mahali. Utaziona zimezungushwa kwenye mlango wa saluni, kwenye toroli la muuza juisi, nyuma ya meza ya keki ukumbini na kwenye nguzo za vibanda vya chakula vinavyofunguliwa jioni. Zinauzwa kwa bei ndogo na hazihitaji umeme wa ukutani. Gharama yake huja baadaye. Uzi mmoja unaotumia ampea 0.1 utawaka kwa saa 20 hivi kwa betri tatu mpya, na mwanga wake huanza kufifia kabla ya hapo. Mwenye kibanda anayewasha saa nne kila jioni atarudi dukani kila wiki, na akiwa na nyuzi tano za taa atakuwa ananunua betri kumi na tano kwa mkupuo. Ndiyo maana watu wengi huitazama betri ya pikipiki ya volti 12, au ile ndogo iliyofungwa ya UPS, wakajiuliza kama haiwezi kufanya kazi hiyo. Inaweza, tena kwa nafuu kubwa. Lakini kazi hiyo ina maswali mawili tofauti ambayo wengi huyachanganya: taa zipewe volti ngapi, na itakuwaje siku waya zikigusana. Kulijibu la kwanza hakujibu la pili. Wanaounguza taa wamelikosea la kwanza, na wanaounguza vibanda, mara nyingi, wamelisahau la pili.

Tuanze na hofu isiyo na msingi, maana ipo na huwazuia watu wasijaribu. Wengi huamini kwamba betri kubwa itausukuma umeme wake mwingi ndani ya taa ndogo na kuipasua. Sivyo. Betri haiamui mkondo upite kiasi gani. Kinachoamua ni volti zake pamoja na ukinzani wa kile kilichounganishwa. Ushahidi uko kwenye gari lolote. Betri ileile inayolisha stata kwa mamia ya ampea ndiyo inayowasha kitaa kidogo cha dashibodi, na kitaa hicho hudumu miaka bila madhara. Kimetengenezwa kwa volti 12, basi kinachukua kiasi chake na kuacha mengine. Ile namba ya ampea-saa iliyoandikwa ubavuni mwa betri, iwe 7 au 70, inaeleza kazi itaendelea kwa muda gani, haielezi taa itasukumwa kwa nguvu gani. Kwa hiyo kama betri yako kubwa ingekuwa ya volti 4.5, ungeweza kuunganisha taa zako bila kubadilisha chochote. Tatizo ni kwamba betri hizi ni za volti 12, na hata hizo 12 ni jina tu. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 au zaidi kidogo, ikiwa kwenye chaji hupanda hadi 14.4 hivi, na ikikaribia kuisha hushuka chini ya 12.

Taa hizi ndogo ni za LED, na LED haivumilii volti za ziada. Sababu iko ndani yake yenyewe. Taa ya LED nyeupe kwa kawaida huwa ni ya bluu iliyopakwa unga wa njano unaogeuza sehemu ya mwanga wake. Ni kwa kupatikana kwa LED hiyo ya bluu ndipo Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. LED ya namna hii huanza kuwaka vizuri inapofika volti 3 hivi. Chini ya hapo haipitishi kitu cha maana. Ikishavuka hapo, ongezeko dogo tu la volti huongeza mkondo kwa kasi, taa hupata joto, na joto hilo huifanya ipitishe mkondo mwingi zaidi. Kwa hiyo LED haiwezi kuachwa ijitawale. Lazima kuwe na kitu kinachoushika mkondo. Ndani ya kikasha cha betri tatu kitu hicho huwa ni rezista moja ndogo, wakati mwingine ikisaidiwa na udhaifu wa betri zenyewe.

Tuchukue mfano wa uzi wenye rezista ya omu 15. Betri tatu mpya zinatoa volti 4.5, LED zinajichukulia 3, na volti 1.5 zinabaki kwa rezista. Gawanya 1.5 kwa 15, unapata ampea 0.1, na ndivyo uzi ulivyokusudiwa. Sasa uunganishe uzi huohuo moja kwa moja na betri ya volti 12.6. LED bado zinajichukulia 3 au zaidi kidogo, na rezista inaachiwa zaidi ya volti 9. Mkondo unaruka hadi ampea 0.6 hivi, mara sita ya ule wa mwanzo. Joto la rezista haliongezeki mara sita, bali zaidi ya mara thelathini na tano, kwa sababu hukua kwa mraba wa mkondo. Kirezista kilichotengenezwa kubeba robo ya wati kinabebeshwa wati tano au sita. Kitageuka cheusi, kitatoa harufu, na plastiki ya kikasha itaanza kulainika. Wapo watakaosema wamewahi kuona taa za namna hii zikiungwa moja kwa moja kwenye betri ya pikipiki na zikawaka, tena kwa mwanga mkali. Nakubali kwamba ziliwaka. Mwanga ule mkali ndio dalili ya kuungua, na taa inayong'aa kupita kawaida inatumia uhai wake wa miezi kwa dakika chache. Zipo pia nyuzi zilizotengenezwa kwa volti 12 tangu kiwandani, kama mikanda ya LED inayokatwa kila baada ya taa tatu, ambamo taa hizo tatu zimefuatanishwa na rezista moja. Hizo zinaweza kwenda moja kwa moja kwenye betri. Anayenunua upya leo kwa ajili ya betri ya volti 12 achague hizo na ajiepushie nusu ya kazi hii. Maelezo yanayofuata ni ya yule ambaye tayari ana nyuzi za betri tatu na hataki kuzitupa.

Njia ya kwanza haihitaji kununua kifaa chochote: funga nyuzi tatu zinazofanana kwa kufuatana, chanya ya wa kwanza ipate betri, hasi yake iende kwenye chanya ya wa pili, na hivyohivyo hadi wa tatu urudi kwenye hasi ya betri. Tatu mara 4.5 ni 13.5, karibu na volti za betri ya asidi. Kwa mfano wetu, mkondo utakuwa ampea 0.08 betri ikiwa imejaa na kupumzika, 0.12 ikiwa kwenye chaji, na 0.06 ikikaribia kuisha. Mwanga utabadilikabadilika, lakini hakuna kitakachoungua na hakuna umeme unaopotea zaidi ya ule wa kawaida. Ninaiheshimu njia hii. Udhaifu wake ni masharti yake. Nyuzi lazima ziwe na idadi moja ya taa na ziwe za aina moja, kwa sababu mkondo uleule unapita zote. Ukichanganya uzi wa taa 50 na wa taa 20, kila taa kwenye ule mfupi itabebeshwa mara mbili na nusu ya mwenzake. Uzi mmoja ukikatika, zote tatu zinazimika. Na nyuzi zenye kitufe cha kumetameta au rimoti hazifai kabisa kufuatanishwa, kwa kuwa kila moja ina kidude chake cha kuwasha na kuzima ambacho hakijui wenzake wanafanya nini.

Njia ya pili ndiyo inayopendwa zaidi mitaani: kuongeza rezista. Hesabu yake ni rahisi. Ili uzi wetu upate ampea 0.1 kutoka volti 12.6, jumla ya omu iwe 96. Kwa kuwa 15 zipo tayari, tunaongeza 82, ambayo ni saizi inayopatikana madukani, yenye uwezo wa wati 2 ili isichome. Ni lazima niitendee haki njia hii, maana mara nyingi hukosolewa kwa sababu isiyo ya kweli. Husemwa kwamba volti za betri zikipanda taa zitaungua. Kwa rezista hiyo, hata betri ikiwa kwenye chaji ya 14.4, mkondo hufika ampea 0.12 tu, ongezeko la chini ya asilimia 20. Kosa lake la kweli ni upotevu. Taa zinahitaji chini ya nusu wati, lakini betri inatoa wati 1.26, na kinachozidi kinakuwa joto hewani. Kosa lake la pili huzaliwa na uvivu wa kufunga rezista moja kwa nyuzi nyingi. Nyuzi tatu zikishirikiana rezista moja ya omu 27 zitawaka sawasawa siku ya kwanza. Lakini mbili zikichomoka usiku, ule uliobaki unasukumiwa karibu ampea 0.23, zaidi ya mara mbili ya haki yake. Anayechagua rezista, basi, aipe kila uzi ya kwake.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipendekeza: kishusha volti. Ni kibao kidogo cha elektroniki, na kinachopatikana kwa wingi kwa mafundi wa redio na simu ni kile chenye chipu ya LM2596. Kinapokea volti 12 upande mmoja na kutoa upande wa pili volti unazotaka, na hakifanyi hivyo kwa kuziunguza zinazozidi, bali kwa kukata na kuachia umeme maelfu ya mara kwa sekunde kupitia koili. Kwa kazi kama hii, kati ya wati mia zinazoingia, 80 au zaidi hutoka upande wa pili. Linganisha sasa. Betri ya ampea-saa 7 ina wati-saa 84, na tuseme tunatumia nusu tu ili idumu. Kwa rezista, uzi mmoja utawaka saa 35. Kwa kishusha volti chenye ufanisi wa asilimia 80, utawaka karibu saa 75. Mwenye nyuzi kumi anapata saa saba na nusu, karibu jioni mbili za kibanda chake, ambapo kwa rezista angepata saa tatu na nusu na jioni ya kwanza isingeisha. Tofauti hiyo, si nadharia, ndiyo inayonifanya nione kibao hiki kinalipa gharama yake.

Kina nidhamu yake lakini. Kibao kinapotoka dukani hakijulikani kimewekwa volti ngapi, huenda ni 5, huenda ni 11. Kwa hiyo kiunge kwenye betri kikiwa hakina taa, weka ncha za mita kwenye upande wa kutoa, na uzungushe skrubu ndogo ya rangi ya shaba iliyo juu ya kidude cha buluu chenye umbo la boksi. Skrubu hiyo huzunguka mara nyingi, na mizunguko kadhaa inaweza kupita bila namba kubadilika, endelea taratibu. Namba ikifika 4.5, simama. Mimi ningesimama kwenye 4.2, kwa sababu betri za rimoti zenyewe hutoa 4.5 zikiwa mpya tu, na jicho la mteja halitaona tofauti hiyo ilhali taa zitaishi zaidi. Tia tone la rangi ya kucha juu ya skrubu ili isisogezwe na mtikisiko, kisha ndipo uunge taa, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Ukigeuza upande wa taa, LED hazitawaka tu. Ukigeuza upande wa betri, kibao kinakufa. Swichi iwekwe kati ya betri na kibao, si kati ya kibao na taa, kwa sababu kibao hula miliampea 5 hadi 10 hata taa zikiwa zimezimwa, na kikiachwa hivyo kinaweza kumaliza nusu ya betri ya ampea-saa 7 ndani ya nusu mwezi hadi mwezi.

Kibao kikae wapi, karibu na betri au karibu na taa? Wengi hukiweka kando ya betri kwa sababu ni nadhifu, na kwa umbali wa mita moja haina neno. Betri ikiwa mbali, mpangilio huo unawapunja. Waya wa shaba wa milimita 0.75 za mraba, urefu wa mita 10 kwenda na 10 kurudi, una ukinzani wa karibu nusu omu. Nyuzi kumi kwa volti 4.5 zinavuta ampea 1, na nusu volti inapotea njiani, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya zote. Peleka volti 12 hadi kwenye taa ndipo uzishushe huko: mkondo wa njiani hautafika hata ampea nusu, na kinachopotea ni robo volti kati ya 12, ambayo kibao kitaifidia chenyewe.

Sasa tufike kwenye lile swali la pili, ambalo ndilo lililonisukuma kuandika. Betri za rimoti zina ulinzi ambao hakuna aliyeununua: ni dhaifu. Waya zake zikigusana, hutoa ampea chache, hupata joto, na baada ya muda mfupi zimekwisha. Betri ya asidi haina udhaifu huo. Hata ile ndogo ya ampea-saa 7 inaweza kutoa zaidi ya ampea 100 kwenye shoti, na waya mwembamba uliokusudiwa kubeba ampea moja utawaka mwekundu kabla mtu hajanyanyuka kwenye kiti. Huo waya umepita wapi? Umefungwa kwenye turubai, umezungushwa kwenye fito, umepita juu ya meza yenye karatasi za kufungia na galoni la mafuta ya kukaangia. Shoti yenyewe haihitaji ajali kubwa. Panya anatosha, au msumari, au mguu wa meza uliokanyaga waya kwa wiki mbili. Hatari hii haipungui kwa sababu taa ni ndogo, na hapo ndipo fikra za wengi hupotea. Taa ni ndogo, basi waya unaonekana mdogo na kazi nzima inaonekana ndogo, ilhali nguvu iliyo nyuma ya waya ni ileile inayowasha injini.

Dawa ni fyuzi, na mahali pake ni kwenye waya wa chanya, sentimita chache tu kutoka kwenye betri. Fyuzi iliyowekwa karibu na taa hailindi waya wote uliopo kabla yake. Kwa nyuzi kumi za mfano wetu, betri inatoa karibu ampea nusu, kwa hiyo fyuzi ya ampea 2 inatosha. Kishikizo chake cha waya, cha aina inayotumika kwenye redio za magari, hupatikana kwa wauza vipuri. Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulipita. Fyuzi hiyo ya betri hailindi nyuzi zenyewe. Nyaya za taa hizi ni nyembamba mno, na shoti ikitokea ndani ya uzi mmoja, kibao kinaweza kusukuma ampea 3 kwa volti 4.5, ambazo upande wa betri ni kiasi cha ampea moja na nusu tu. Fyuzi ya ampea 2 itaona hali ni ya kawaida, huku uzi ukichemka kwenye pazia. Kwa hiyo kila uzi unaopita kwenye kitambaa, makuti au mapambo ya karatasi upate fyuzi yake ndogo ya nusu ampea baada ya kibao. Maungio yapigwe risasi au yabanwe kwa konekta ya skrubu. Kusokota waya na kuzungushia selotepu ya vitabu si kuunga.

Zipo hoja za kupinga zinazostahili jibu. Moja inasema: kwa nini tusitumie pawabenki na kuachana na haya yote? Kwa uzi mmoja au miwili ni shauri jema. Volti zake 5 zitazidisha mkondo wa uzi wetu kwa theluthi moja, jambo linalorekebishwa kwa rezista ya omu 5 hivi, na ndani yake kuna ulinzi wa shoti. Kinachokera ni kwamba pawabenki nyingi hujizima zenyewe zikiona mkondo ni mdogo mno, na taa zako zinazima katikati ya shughuli. Hoja nyingine ni nzito zaidi: betri ya asidi ina risasi, na risasi ni sumu. Wakazi wa Owino Uhuru huko Mombasa wanalijua hilo kwa uchungu; kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwatia sumu, na Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano dhidi yake, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Sioni kwamba jibu ni kurudi kwenye betri za rimoti, ambazo kwa nyuzi tano huishia jalalani kwa mamia kila mwaka. Jibu ni kutumia betri moja kwa miaka mingi, kutoiacha ishuke chini ya volti 12 ikiwa imepumzika, kuichaji mapema, na ikifa kuirudisha ikiwa nzima kwa muuzaji anayezikusanya, bila kuipasua wala kumwaga maji yake uani. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria, walioziacha karabai kwa ajili ya LED za betri, wameonyesha kwamba mpangilio wa taa na betri hustahimili mawimbi na usiku mzima wa kazi unapotunzwa. Betri ya pikipiki, niongeze, imetengenezwa kwa kuwasha injini na haipendi kukamuliwa taratibu kila usiku. Ile iliyofungwa ya UPS inafaa zaidi, ilimradi isiwe imetupwa na mtu kwa sababu imekwisha.

Hoja ya mwisho ni ya fedha: mwenye kibanda hana ya kununulia kibao, fyuzi, vishikizo na mita kwa siku moja. Ni kweli, na si lazima anunue vyote. Mita anaweza kuiazima kwa fundi kwa dakika tano. Kibao anaweza kukiruka kwa kufuatanisha nyuzi tatu zinazofanana. Fyuzi haina mbadala. Kama pesa uliyonayo inatosha kitu kimoja tu, nunua fyuzi na kishikizo chake, na kama hata hiyo haijapatikana, usiunge betri leo.